Swift Sport au Polo GTI? Semeni kwanza mnaishi wapi

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: kati ya Suzuki Swift Sport na Volkswagen Polo GTI, gari gani dogo la kasi linamfaa mtu kwa matumizi ya kila siku, na lipi lina mwendo zaidi? Hilo la mwendo halina ubishi. Polo GTI iliyotoka 2010 inafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 6.9, wakati Swift Sport ya umri wa kukaribiana nayo, ile ZC31S, inahitaji karibu sekunde 9. Mngeishia hapo nisingeandika. Kilichonigusa ni hilo la "kila siku", kwa sababu tukiongelea magari haya huwa tunaongea kana kwamba wote tunaishi kando ya barabara moja, tambarare, isiyo na tuta.

Mimi naishi Iringa. Gari langu ni Swift Sport ya 2007, manyuo, yaani gia tano za kubadilisha kwa mkono, na kwa muda wote nilioimiliki nimekuwa nikimwambia kila anayeniuliza: chukua Swift, Polo waachie watu wanaokaa jirani na fundi wao.

Hizo sekunde 6.9 mtu atazitumia wapi? Asubuhi kati ya Kimara na Ubungo hata bajaji inakupita. Ukitoka nje ya mji, kila kijiji kina kibao cha 50, na mbele kidogo ya kibao kuna askari na tochi yake. Ukimaliza tochi, rasta. Ukimaliza rasta, tuta. Gari la kasi kwa Mtanzania ni lile linalokupa raha ukiwa kwenye 50, 60, 80, na kwa mwendo huo ndio Swift ilitengenezwa. Injini yake, M16A ya cc 1,586, haina turbo. Inatoa farasi 125, lakini wote wanapatikana juu kabisa, kwenye mizunguko 6,800 kwa dakika, kwa hiyo lazima uiminye na gia uzibadilishe mwenyewe kwa wakati. Gari zima lina kilo 1,060 tu. Usukani unajibu papo hapo, na kona ya gia ya tatu kwenye mwendo wa 60 inakuchangamsha damu bila kuvunja sheria yoyote. Suzuki waliijua kazi hiyo: mwaka 2007 Msweden Per-Gunnar Andersson alitwaa ubingwa wa dunia wa rali kwa vijana akiendesha Swift.

Na ikiharibika, inaharibika kwa namna inayoeleweka. Plagi, klachi, bushi, shokapu. Spea isipopatikana Iringa unapiga simu Dar, inapakiwa kwenye basi, kesho yake unaipokea stendi.

Polo GTI ya 2010 hadi 2014 ni hesabu nyingine. Injini ya cc 1,390 tu, lakini imefungwa supachaja na turbo kwa pamoja, supachaja ikisukuma mizunguko ikiwa chini na turbo ikipokea juu, ndiyo maana inatoa farasi 180. Giaboksi ni DSG, inayojibadilisha yenyewe, ya gia saba yenye klachi mbili kavu. Klachi kavu haina oili ya kuipoza, na ukiitambaza kwenye foleni nusu saa inapata joto. Mwaka 2013 Volkswagen iliyaita yarudi kutengenezwa magari zaidi ya 380,000 nchini China kwa hitilafu za DSG, na hiyo injini ya cc 1,390 nayo inajulikana duniani kote kwa kunywa oili. Fundi anayezielewa lazima awe na kompyuta ya kupimia, na awe anaelewa anachosoma. Halafu matairi. Polo hiyo inavaa 215/40 kwenye rimu ya inchi 17, yaani ukuta wa tairi wa milimita 86. Yangu inavaa 195/50 kwenye inchi 16, karibu milimita 98. Anayeona milimita 12 ni kitu kidogo hajawahi kuingia kwenye shimo lililojaa maji baada ya mvua akidhani ni dimbwi tu.

Kwa kupita tu, kuna magari mawili hamkuyataja na mngeyataja. Vitz RS ya kizazi cha 2005 ina injini ya 1NZ, ileile ya IST ya cc 1,500, kwa hiyo spea zake ziko kila mji wenye duka la spea, na ukipata ya manyuo si gari la kudharau. Honda Fit RS tangi lake la mafuta liko chini ya viti vya mbele, ndiyo maana viti vya nyuma vinainuka na unaweza kusimamisha mzigo mrefu. Kwa mwenye familia na duka, hilo ni jambo kubwa kuliko farasi kumi za ziada.

Sasa Kitonga, ule mlima wa kona kwenye barabara ya Dar kuja Iringa.

Mwaka juzi tulikuwa tunatoka Dar kuja Iringa kwenye kipaimara cha mtoto wa wifi yangu. Magari mawili. Mimi na wifi kwenye Swift, na keki. Buti la Swift Sport ni dogo, keki haikuingia, ikabidi wifi akae nyuma ameishikilia tangu Dar, na kila rasta ya Mikumi nilikuwa namsikia anavuta pumzi. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa na Polo GTI ya 2012, nyeupe, na mbele amemkalisha mama mkwe. Tulipofika Ruaha Mbuyuni tukasimama kununua vitunguu, maana mama hawezi kupita Mbuyuni bila kununua vitunguu, na wakati gunia linapakiwa kwenye Polo shemeji akanijia na funguo mkononi. "Shem, naomba leo nipande Kitonga na manyuo. Nimemiss klachi. Wewe mpeleke mama."

Nilisita. Kitonga naijua kwa Swift kama ninavyoijua ngazi ya nyumbani: gia ya pili, mshale kwenye 5,000, injini inalia, na ukitaka kupita lori unahesabu mapema, unashusha gia mapema, na nafasi ikiwa fupi huendi. Unasubiri. Gari usilolizoea, lenye mama mkwe ndani, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde, si mahali pa kujaribia. Lakini alikuwa ameshaingia kwenye Swift anarekebisha kiti. Alichoniambia dirishani ni kimoja: "Ukikwama nyuma ya lori usiiache itambae. Simama kabisa, liache liende mbele, ndipo uachie breki uende moja kwa moja." Ushauri huo nawapa wenye DSG wote bure. Ni wa maana kuliko mwendo wowote wa sekunde.

Tulipoanza kupanda tulikuta kama kawaida: semitrela zimejipanga, zimebeba mzigo wa Tunduma na kuendelea, zinakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Nikafanya alivyoniambia. Nasimama, naacha nafasi, nasogea. Mama alikuwa na rozari mkononi, haongei, na mimi sikuongea. Joto la Mbuyuni bado lilikuwa ndani ya gari. Kwenye kioo naiona Swift yangu inafuata, na kwa namna pua yake ilivyokuwa inashuka na kuinuka nikajua shemeji anabadilisha gia zaidi ya inavyohitajika, kwa furaha tu.

Kona mbili tatu baadaye barabara ikafunguka. Mstari ukawa wa kukatika, mbele panaonekana hadi kona ya juu, hakuna kinachoshuka. Utingo wa lori akatoa mkono akatupungia tupite. Mkono wa utingo siuamini peke yake, nikaangalia tena kwa macho yangu, nikawasha indiketa, nikakanyaga. Nilikanyaga kidogo, jinsi mtu anavyokanyaga gari la mwenzake. Nilikuwa nasubiri ile sekunde ya Swift, sekunde ya injini kupanda mizunguko kabla ya kukupa kitu. Haikuwepo. Gari liliondoka palepale, kwenye mlima ule, na watu wawili na gunia la vitunguu, likalipita lori na lililokuwa mbele yake, nikarudi upande wangu nafasi ikiwa bado imebaki kubwa. Mama aliinua macho kutoka kwenye rozari, akaangalia lori linavyobaki nyuma, akasema, "Hili gari halilalamiki."

Mama amepanda Swift yangu mara nyingi. Nilielewa analinganisha na nini.

Shemeji hakupita pale. Alisubiri nafasi nyingine, ndefu zaidi, na alifanya vizuri kusubiri. Tulikutana juu, ameshuka anatabasamu, shati limelowa mgongoni, anazunguka Swift anaigusa. Akaomba aendelee nayo hadi Ipogolo. Nikamkubalia haraka mno, na niliona wifi ameona.

Nilipotulia nikaiuliza akili yangu kwa nini tofauti ilikuwa kubwa kiasi kile, maana Polo ina kilo 150 hivi zaidi ya Swift. Sehemu ya jibu iko kwenye msukumo wa injini, unaopimwa kwa Nm: Swift inatoa Nm 148, na inazitoa kwenye mizunguko 4,800. Polo inatoa Nm 250 kuanzia mizunguko 2,000. Lakini sehemu ya pili ndiyo sijaona mtu anaiandika kwetu, nayo ni hewa. Injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo, basi. Iringa mjini tuko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huku hewa ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 15 kuliko Dar. Hewa pungufu, mafuta pungufu, nguvu pungufu. Farasi 125 wa Swift yangu wakifika Iringa wanabaki kama 106. Njombe, karibu mita 2,000, wanapungua tena. Injini yenye turbo inaikandamiza hewa hiyo nyepesi kabla ya kuimeza, kwa hiyo inapoteza kidogo sana. Swift iliyoteka roho yako Masaki si Swift ileile ukiileta Mafinga.

Na mimi kila siku yangu ni mlima. Kutoka Ipogolo kupanda mjini, asubuhi, na malori, na bodaboda pembeni, na watoto wa shule. Hiyo ndiyo "kila siku" mliyouliza. Nimeipanda kwa gia ya pili kwa raha, na bado naipanda kwa raha, lakini nikiwa na watu wanne ndani na ninahitaji kulipita lori kwa usalama, raha ya kubadilisha gia si hoja ya kutosha. Kupita haraka na kurudi upande wako mapema ni usalama, na hapo Polo ina haki yake ambayo nilikuwa siipi.

Kwa hiyo jibu langu limegawanyika, na nusu yake sikulitarajia nilipoanza kuandika. Aliyeko Dar, Tanga, Mtwara, Unguja: Swift Sport, hata hiyo ya zamani, na asiyumbishwe. Aliyeko Iringa, Mbeya, Njombe, hata Arusha: achukue yenye turbo. Ndiyo, hata Polo GTI. Lakini si yoyote. Hiyo ya cc 1,390 namshauri asiichukue isipokuwa inatoka kwa mtu anayemjua, mwenye kumbukumbu za oili na za giaboksi, kama shemeji yangu alivyokuwa nazo. Kuanzia 2015 Polo GTI ilibadilishiwa injini, ikawekwa ya cc 1,800 yenye turbo peke yake, farasi 192, na baadhi zilitoka na gia sita za mkono. Akiipata ya manyuo, aangalie klachi, aangalie oili, ainunue. Klachi kavu ya DSG haitamhusu tena.

Mwenye uwezo wa kusogea juu zaidi aangalie Swift Sport ya ZC33S, iliyoanza 2017. Hiyo Suzuki wenyewe wameiwekea turbo ya cc 1,400: farasi 140, Nm 230, na kilo 970 tu, nyepesi kuliko yangu. Kwa kasi ya karatasi bado Polo inaipita. Kwa mlima wa Ipogolo nadhani hakuna kati yenu atakayeona tofauti, na fundi wangu ataielewa. Tatizo lake ni bei, na ya manyuo haipatikani kirahisi. Kabla ya kuota, ingizeni mwaka wa gari kwenye kikokotoo cha TRA muone uchakavu unasemaje, maana Polo ya 2015 inayoonekana rahisi Japan inaweza kuwa si rahisi tena ikishashuka bandarini.

Na atakayechukua Polo, ya mwaka wowote, ashushe rimu kutoka inchi 17 hadi 16 apate ukuta wa tairi mrefu zaidi. Ajaribishe kwanza moja gereji kabla ya kununua zote nne, maana breki za mbele za GTI ni kubwa na si kila rimu ya 16 inapita kwenye kalipa zake, yaani vishikio vya pedi za breki.