Trakeostomi: kupasua au kutoboa kwa sindano?

SWALI: Habari daktari. Mimi ni muuguzi wa wagonjwa mahututi huku Mbale. Wagonjwa wetu wengi ni wa ajali za bodaboda, wameumia kichwa, na wakikaa sana kwenye mashine ya kupumulia huhitaji trakeostomi, yaani tundu shingoni la kupitishia mrija wa kupumulia. Sisi huwapeleka thieta wakapasuliwe. Daktari kijana aliyejiunga nasi karibuni anasema kutoboa kwa sindano na kipanuzi, papo hapo kitandani, kuna madhara machache zaidi. Ni kweli? Na tukianza, sisi wauguzi tuwe macho na nini?

JIBU: Sista, daktari huyo hakukosea, ila amekupa nusu ya habari.

Njia ya kupasua mnayotumia ni ile ambayo Chevalier Jackson aliipangia utaratibu mwaka 1909: nyama za shingo zinaachanishwa, tezi ya thairoidi inasogezwa, na daktari analifungua bomba la hewa akiliona. Njia ya kutoboa aliieleza Pasquale Ciaglia wa Marekani mwaka 1985. Sindano inaingia kwenye bomba la hewa, waya unapitishwa ndani yake, kisha kipanuzi kinafuata waya kikitanua tundu mpaka mrija upite.

Faida yake iliyothibitika ni kwenye kidonda. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, shirika linalojumlisha matokeo ya tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 20, na waliotobolewa walipata usaha mara chache kuliko waliopasuliwa, na makovu yao yalikuwa mazuri zaidi. Tundu linaubana mrija, kwa hiyo uchafu haupati mahali pa kutuama. Lakini kwa vifo na madhara makubwa ya kutisha maisha, haikuonekana tofauti ya kutegemewa. Tena majaribio ya namna hii kwa kawaida huwaacha nje wagonjwa wagumu. Mwenye shingo fupi nene, mwenye rovu, mtoto mdogo, au anayekabwa sasa hivi na hana mrija mdomoni, huyo mimi simtoboi.

Hata vipanuzi vyenyewe hutofautiana. Koleo ya Griggs ya mwaka 1990 ni ya haraka, ila huweza kutanua kupita kiasi na kuleta damu. Kipanuzi kimoja kinene ndicho ninachokiamini zaidi, ingawa wakati mwingine huvunja pete ya gegedu ya bomba la hewa. Hatari ninayoiogopa katika kutoboa ni sindano au kipanuzi kuchana ukuta wa nyuma wa bomba, au mrija kuingia pembeni kabisa. Ndiyo maana hutumika bronkoskopu, kamera nyembamba inayoingizwa kwenye njia ya hewa, ili mtu aone ndani waya unapita wapi. Hospitali isiyo na bronkoskopu inayofanya kazi, wala mtu aliyezoea kupima shingo kwa ultrasaundi, isione aibu kuendelea kupasua.

Sasa upande wenu, na hapa naomba usome polepole. Mrija ukichomoka katika siku 7 hadi 10 za kwanza, kwa aliyetobolewa tundu hujifunga mara moja, kwa sababu nyama zilisukumwa tu, hazikukatwa. Usiusukume mrija kwa nguvu urudi. Utaingia kwenye nyama mbele ya bomba, na ukipuliza hewa shingo na kifua vitavimba huku mgonjwa akifa mikononi mwako. Funika tundu kwa shashi, mpe oksijeni kwa barakoa usoni, ita msaada, na aliyefunzwa amwekee mrija kupitia mdomoni. Aliyepasuliwa ana nafuu kidogo, hasa kama daktari ameacha nyuzi kwenye bomba la hewa. Nyuzi hizo zikivutwa taratibu, tundu huonekana. Waombeni madaktari waziache, na waandike kwenye karatasi juu ya kitanda mgonjwa alifanyiwa njia gani na siku gani.

Mengine hayajali njia iliyotumika. Makohozi makavu huziba mrija, basi mrija wa ndani usafishwe kila zamu, hewa iwe na unyevu, na pawepo mashine ya kufyonza ya kukanyaga kwa mguu, maana umeme ukikatika usiku ile ya umeme haikusaidii. Shinikizo la puto linalozunguka mrija ndani ya bomba la hewa lipimwe, libaki kati ya sentimita 20 na 30 za maji. Likizidi, hukandamiza damu isifike kwenye ukuta wa bomba, na miezi baadaye mgonjwa anarudi anakoroma kwa sababu njia imekuwa finyu.

Na damu kidogo inayotoka ghafla kwenye tundu baada ya siku chache au wiki kadhaa, hata ikikoma yenyewe, usiifute ukanyamaza. Huenda mrija umekaa chini mno na unakwangua mshipa mkubwa unaopita mbele ya bomba la hewa. Mwite daktari wa upasuaji saa hiyo hiyo. Damu ikibubujika kabla hajafika, ongeza hewa kwenye puto na usimwache mgonjwa.