Kobe mwenye bawaba tumboni

SWALI: Mhariri, mafuriko yalipopungua tuliokota kwenye jaruba la mpunga kobe mweusi mwenye vidole vilivyoungana kwa ngozi. Tulipomgeuza, alilaza shingo ubavuni, kisha kipande cha mbele cha gamba la tumbo kikapanda na kumfungia ndani. Tumemweka kwenye beseni. Wengine wanasema ni kasa mchanga. Je, ni kweli? (Msomaji, Ifakara)

JIBU: Si kasa. Kasa ni wa baharini, miguu yake ina umbo la makasia, na hawezi kuficha kichwa ndani ya gamba. Huyo ni kobe wa maji baridi wa jenasi ya Pelusios, na alama yake kuu mmekwisha kuiona wenyewe, yaani hiyo bawaba. Jenasi hiyo, iliyopewa jina na mwanazoolojia Mjerumani Wagler mwaka 1830, imo katika familia ya Pelomedusidae pamoja na kobe wa jenasi ya Pelomedusa, ambaye naye hulaza shingo ubavuni. Lakini gamba la tumbo la Pelomedusa halikunjiki, kwa hiyo ukishamgeuza mnyama hakuna sababu ya kuwachanganya.

Kutambua spishi ndiko kugumu. Pelusios sinuatus, aliye mkubwa kuliko wenzake wote na ambaye huweza kupita sentimita 40, hukaa kwenye mito na maziwa yasiyokauka. Ukingo wa nyuma wa gamba lake una meno kama msumeno, na tumbo lake ni la manjano lililozungushiwa weusi wenye pembe kali. Pelusios castanoides wa ukanda wa pwani ana ukingo laini na tumbo lenye umanjano, ilhali Pelusios subniger ana gamba la mviringo la rangi ya kahawia iliyokolea, na huvumilia madimbwi ya msimu kwa kujifukia topeni.

Rangi peke yake msiiamini, kwani tope hulitia gamba weusi usio wake. Hata wataalamu umbo limewahi kuwapotosha: kobe wa Shelisheli aliyeelezwa mwaka 1906 kuwa spishi ya pekee, Pelusios seychellensis, alidhaniwa kuwa ametoweka, hadi uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2013 ulipoonyesha kwamba alikuwa Pelusios castaneus wa Afrika Magharibi.

Msugueni tope taratibu, tazameni ukingo wa nyuma, mpigeni picha mgongoni na tumboni, kisha mrudisheni palepale mlipomwokota.