Majani Yamenipita Kimo, Maziwa Yako Palepale

SWALI: Nina eka moja ya mabingobingo, majani ya kulishia ng'ombe. Masika niliweka mfuko mmoja wa CAN (mbolea ya naitrojeni), majani yakanipita kimo, lakini ng'ombe hawajaongeza hata nusu lita. Je, niliuziwa mbolea feki? – Mfugaji, Hai

JIBU: Mbolea yako ni nzima; panga ndilo lililochelewa. Mabingobingo hunyonya naitrojeni nyingi katika wiki za mwanzo na kuijaza kwenye majani. Baada ya hapo bua hurefuka na kukomaa, na protini ileile hugawanyika kwenye uzito mkubwa zaidi. Yakikatwa yakiwa na kimo cha mita 1 hivi, protini ghafi huwa karibu asilimia 10. Yakimpita mtu kimo, mara nyingi hushuka chini ya 7, na hapo vijidudu vya tumboni hukosa naitrojeni ya kumeng'enyea nyuzinyuzi. Tumbo linajaa, maziwa hayaji.

Mbolea pia huharakisha ukuaji, kwa hiyo usifuate tena kalenda ya zamani. Mvua ikiwa nzuri, kata kila wiki 6 hadi 8, ukibakiza sentimita 5 hadi 10 za shina. Machipukizi yakitokeza na udongo ukiwa na unyevu, weka tena kilo 50 za CAN kwa eka, yaani kilo 13 za naitrojeni. Kwa nafasi ya mita 1 kwa nusu mita, hiyo ni kama kizibo kimoja cha soda kilichojaa kwa kila shina. Zungushia pembeni, usimwagie katikati ya machipukizi.

Samadi irudi shambani. Kila mzigo unaobeba kwenda bandani unaondoka na potasiamu nyingi, na CAN hairudishi hata chembe. Ukiona majani ya chini yanaungua kingoni, shuku hilo kwanza. Na tusidanganyane: ng'ombe wa lita 15 hatoshelezwi na mabingobingo peke yake, hata yawe laini namna gani.

SWALI: Yurea ina bei nafuu kwetu. Naweza kuitumia badala ya CAN? – Msomaji, Lushoto

JIBU: Ndiyo. Kilo 25 zina naitrojeni kilo 11.5, karibu sawa na mfuko wa CAN. Shida ni kwamba ikiachwa juu ya udongo wenye joto na unyevunyevu bila mvua ya kuizamisha, hugeuka amonia na kupotea hewani. Iwekee kijifereji na uifukie, au usiiweke mpaka mvua iwe karibu. Usiichanganye na majivu, utaharakisha hasara hiyohiyo. Mfuko ukae mbali na banda: ng'ombe akiilamba anaweza kufa.

SWALI: Ni kweli majani yenye mbolea yanaweza kuua ng'ombe?

JIBU: Yanaweza, hasa mvua inaponyesha baada ya ukame kwenye shamba lililowekwa mbolea nyingi. Mizizi hunyonya naitreti (naitrojeni iliyo kwenye udongo) haraka kuliko majani yanavyoweza kuigeuza protini. Tumboni naitreti hiyo hugeuka naitraiti, ambayo ni sumu; damu inashindwa kubeba oksijeni na inageuka rangi ya chokoleti. Ng'ombe anahema na kuyumba. Mwite daktari wa mifugo papo hapo, dawa ipo. Kwa kinga, ngoja wiki moja au mbili baada ya mvua hizo, kata juu zaidi kwa kuwa naitreti hujikusanya chini ya bua, na usimpe ng'ombe mwenye njaa majani hayo matupu. Kuyaanika majani hakuondoi naitreti.