Mwalimu Anajibu: Pesa za kisima na karo ya msichana wangu

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa huku Tana Delta, si mbali na Garsen. Msichana wangu wa kwanza ameitwa sekondari ya bweni na karo imenishinda. Nimeuza mbuzi na bado sijafika nusu. Juzi chifu alitangaza barazani kwamba tumepata pesa za Hazina ya Usawazishaji, tutachimbiwa kisima na zahanati itawekewa umeme. Nikasimama nikaomba basari kutoka kwa pesa hizo, maana tunaambiwa ni za watu waliosahaulika. Chifu akasema haziwezi kulipa karo, watu wakanicheka. Ni kweli haziwezi, au ndiyo kuzungushwa kwa siku zote?

Mama wa Tana Delta

JIBU

Marahaba, mwanangu. Chifu amekwambia kweli. Lakini waliokucheka wamekosea, kwa sababu wengi wao hawajui hazina hiyo ni ya nini, na wewe umekuwa na moyo wa kuuliza.

Hazina ya Usawazishaji iliundwa na Kifungu cha 204 cha Katiba ya 2010. Kila mwaka inastahili asilimia 0.5 ya mapato ya serikali kuu, na Katiba imeitajia kazi yake: huduma za kimsingi kama maji, barabara, vituo vya afya na umeme, hadi maeneo yaliyoachwa nyuma yafikie hali ya Wakenya wengine. Karo haikutajwa.

Kuachwa nyuma kwenyewe hakukuwa bahati mbaya. Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965, yaani sera ya uchumi ya serikali ya wakati huo, ulielekeza pesa za maendeleo kule kwenye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, kwa hoja kwamba huko ndiko zitakakozaa haraka. Aliyekuwa nacho akaongezewa. Sisi wa mtoni, na ndugu zetu wa kaskazini, tukaambiwa tungoje. Ndiyo maana Tume ya Ugavi wa Mapato ilipotaja kaunti 14 za kwanza kufaidika, Tana River ilikuwemo, na hapa Pwani tulikuwa pamoja na Lamu, Kilifi, Kwale na Taita Taveta. Hiyo ilikuwa sera ya kwanza ya tume. Sera yake ya pili, ya 2018, iliacha kuhesabu kaunti nzima nzima ikashuka hadi vijijini: maeneo 1,424 katika kaunti 34.

Sasa nikwambie jambo ninalolijua kwa macho yangu. Nimesomesha shule za msingi kando ya Mto Tana hadi nikastaafu. Watoto walikuwa wakiingia langoni na daftari mkono mmoja, kidumu cha maji mkono wa pili. Maji yale ndiyo ya uji, ya kunywa, na ya kuoshea darasa. Wakati wa kiangazi mama anaamka alfajiri kufuata maji mbali, na anayebaki na mtoto mchanga ni binti mkubwa. Ukifungua rejista ya darasa la sita au la saba unamwona: yupo Jumatatu, hayupo Jumanne, hayupo Jumatano. Mvulana wa nyumba hiyo hiyo yupo wiki nzima. Tulipowekewa pampu ya mkono karibu na uwanja, mabinti wale walirudi darasani bila mimi kwenda kumwomba mzazi hata mmoja. Kwa hivyo usikidharau kisima hicho. Wadogo wa msichana wako watasoma kwa ajili yake. Umeme nao ukifika zahanati, huenda ukasogea hadi shuleni, na mwalimu aliyeletwa kutoka mbali haombi uhamisho muhula wa kwanza.

Lakini sitakwambia utosheke na kisima huku binti yako yuko nyumbani. Pesa za karo zinatafutwa mlango mwingine: ofisi ya NG-CDF, yaani mfuko wa serikali kuu wa maendeleo ya maeneo bunge, ya eneo bunge lako. Mfuko huo ulianza 2003 kwa jina la CDF, unapewa si chini ya asilimia 2.5 ya mgao wa serikali kuu, na unagawiwa maeneo bunge yote 290. Basari ni sehemu ya kazi yake. Chukua fomu, ijazwe na wewe, chifu atie sahihi na mhuri, na shule nayo ithibitishe. Ambatanisha barua ya kuitwa shule, karatasi ya karo, nakala ya kitambulisho chako na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Hundi huandikwa kwa jina la shule, haipiti mkononi mwako, kwa hivyo yeyote anayekuitisha kitu kidogo "ili jina lipite" anakuibia. Uliza pia kwa mwakilishi wadi kama kaunti inatoa basari mwaka huu. Na nenda ukaonane na mwalimu mkuu wa shule aliyoitwa ukiwa na hizo ulizopata kwa mbuzi. Wengi humpokea mtoto kwa malipo ya awamu wakiona mzazi amejitokeza mwenyewe.

Kinachoniuma mimi ni muda. Katiba iliipa hazina hii miaka 20, yaani hadi Agosti 2030, isipokuwa Bunge liongeze. Miaka mingi imepotea kwa mivutano. Mahakama Kuu ilifuta mwongozo wa kuiendesha mwaka 2019, kanuni mpya zikaja 2021. Watoto waliozaliwa Katiba ilipopitishwa wamemaliza shule ya msingi maji yakiwa bado mtoni. Mbunge na seneta wenu waulizwe hadharani kama watapiga kura ya kuongeza muda, na waulizwe mapema.

Baraza lijalo usinyamaze kwa sababu ya kicheko. Uliza kisima kitagharimu pesa ngapi, mkandarasi ni nani, pampu itakuwa ya jua au ya dizeli, na kama ni ya dizeli, nani atanunua mafuta. Uliza ufunguo utakaa na nani, na kama akina mama watakuwemo kwenye kamati ya maji. Ila fomu ya basari isingoje baraza. Mfuate chifu kesho asubuhi kabla hajatoka ofisini, na utoe nakala mbili za kila karatasi, moja ubaki nayo.