Watu hawapandi daraja, kwani ni ukaidi?

Hapo kwa swali lako, kwa nini watu Thika Road, ile barabara kuu ya Nairobi kwenda Thika, wanavuka chini na daraja la miguu liko pale juu, mi sikubaliani na hiyo ya ati ni ukaidi tu. Angalia vile barabara yenyewe imejengwa. Ilifunguliwa 2012, sehemu zingine ina leni nane, na ukiitazama vizuri aliyefikiriwa kwanza ni dereva, yeye anapita moja kwa moja, mwenye miguu ndo anaambiwa panda, zunguka, shuka, na saa zingine daraja liko mbali na pale matatu inamshusha, sasa mtu ana gunia la viazi ama mtoto mgongoni na jua linawaka, anapiga hesabu anaona heri akimbie. Si ati haogopi gari, anaziogopa sana tu.

Wenye barabara wakiweka ua wa waya katikati kuzuia watu, utapata umetobolewa palepale watu wanapotaka kupita.

Dar kule Morogoro Road vituo vingi vya mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao, viko katikati ya barabara na unavifikia kwa zebra hukohuko chini, hakuna ngazi, na wengi wanapita hapo. Na ni binadamu walewale.

Wanaojua watu wanapita wapi kuliko mainjinia ni wachuuzi, muuza mahindi ya kuchoma hawezi weka jiko mahali miguu haipiti, so kabla ya kumwaga zege la daraja lingine waangalie kwanza moshi uko wapi.