Moyo wenye kuta nene na vidonge vya presha: maswali ya wasomaji

SWALI: Kituo chetu cha afya hakina eko, yaani kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti. Mama wa miaka 44 amerudi kutoka rufaa na ripoti kwamba misuli ya moyo wake ni minene, ugonjwa wa kurithi, na njia ya damu kutoka moyoni imebanwa. Presha yake ni 146/88. Anatumia amlodipini na furosemaidi, na akisimama anapata kizunguzungu. Nimpe nini?
Tabibu, Manyoni

JIBU: Anza na kuondoa. Amlodipini hutanua mishipa, furosemaidi hukausha maji mwilini. Zikishirikiana, chumba cha kushoto cha moyo hubaki na damu kidogo, ukuta mnene na ulimi wa vali husogeleana, na njia huzidi kubana. Nifedipini, kaptoprili na losartani zina hatari hiyohiyo, sembuse kile kidonge cha maumivu ya kifua cha kuweka chini ya ulimi, nitroglisarini. Hicho ndicho tunachokihofia zaidi, maana wagonjwa hawa kifua huwauma kweli na mhudumu hukimbilia kuwapa.

Amlodipini isimamishe. Furosemaidi usiikate kabla hujasikiliza mapafu na kubonyeza miguu. Kukiwa na maji, dozi ndogo inaweza kubaki kwa kushauriana na rufaa. Kisha, kama hana pumu na mapigo hayako chini ya 60, mwanzishie atenololi miligramu 25 asubuhi. Pandisha kila baada ya wiki moja au mbili, usizidishe 100, ukilenga mapigo kama 60 akiwa amepumzika. Presha nayo itashuka. Mwambie asiiache ghafla, na wewe usimwongezee verapamili, kwani zikikutana mapigo yanaweza kushuka mno.

Kila anaporudi, weka stetoskopu ukingo wa kushoto wa mfupa wa kifua, mchuchumaze, kisha asimame. Mvumo, ile sauti ya damu ikipita kwa nguvu moyoni, ukipanda sana anaposimama, njia bado inabana.

Akiletwa presha imeanguka, tuseme baada ya kuhara, mlaze chali, inua miguu, mpe dripu ya saline mililita 250, sikiliza mapafu, rudia ikibidi. Adrenalini na dopamini hapana: zinaukaza moyo na kubana njia zaidi. Watu wengi hushangaa hapa, kwa sababu ndivyo tulivyozoea kumwokoa mgonjwa wa presha ya chini.

Mapigo yakiwa ovyoovyo, fanya ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Ikithibitisha mtetemo wa vyumba vya juu, anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda hata kama alama zake za hatari ya kiharusi ni sifuri. Zile alama hazikutengenezwa kwa ugonjwa huu. Aliyezimia bila sababu, au mwenye ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana, arudi rufaa mapema akapimwe kama anahitaji kifaa cha kushtua moyo.

SWALI: Dada yangu ana ugonjwa huu. ECG yangu imetoka safi. Nimepona?
Msomaji, Tanga

JIBU: Bado. Wagonjwa wachache huwa na ECG safi kabisa, kwa hiyo fanya eko. Kwa kawaida tunahesabu ukuta wa milimita 15, ila kwa ndugu wa mgonjwa hata 13 inatosha kutia shaka. Kila mtoto wa dada yako ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kurithi. Apimwe kila mwaka au miaka miwili, hasa anapobalehe. Wewe mtu mzima, kila miaka mitatu hadi mitano, au mara moja ukianza kuzimia, kuhema ukipanda ngazi, au moyo kwenda mbio.