Kuosha gari nyumbani bila kulichora: jibu kwa mwenye IST nyeusi

Mkuu, hongera kwa gari. Umeeleza kwamba Toyota IST yako nyeusi ilitoka bandarini iking'aa, na sasa, baada ya miezi kadhaa ya kuoshwa na vijana wa mtaani, ukiitazama boneti juani unaona viduara vyembamba vimejaa kama utando wa buibui. Unataka kuanza kuosha mwenyewe, na umeuliza mambo matatu: utumie sabuni gani, injini nayo ioshwe au la, na kama viduara hivyo vinaweza kutoka. Wenzangu wamekutajia sabuni nyingi. Mimi nimeosha magari ya nyumbani kwetu hapa Dar kwa miaka mingi, jeusi likiwemo, na ningependa tuanze na mchanga, maana huo ndio uliochora boneti yako.

Rangi ya gari la kisasa hupakwa kwa tabaka. Chini kuna praima, juu yake rangi yenyewe, halafu juu kabisa kuna tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi wanaliita klia. Mng'ao wote unaouona ni wa klia. Kwa magari mengi unene wake ni kama maikroni 35 hadi 50, wakati unywele wa binadamu ni kama maikroni 70. Sasa chukua vumbi la barabara zetu, lenye chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko klia, kisha pitisha kitambaa juu yake. Kila chembe inaacha mkwaruzo. Hivyo unavyoviona si viduara hasa, ni mikwaruzo midogo ya kila upande. Mwanga ukipiga, inayoonekana ni ile iliyouzunguka mwanga. Ndiyo maana ukisogea, viduara navyo vinasogea. Gari jeupe au la fedha linayo mikwaruzo hiyo hiyo, ila rangi inaificha.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: usiiguse rangi ikiwa kavu na ina vumbi. Hapa nina neno kuhusu ule utaratibu wa kufuta gari kila asubuhi kwa kitambaa kikavu au dasta kabla ya kutoka. Mlinzi wa getini anafanya kwa moyo mwema, lakini huko ndiko rangi nyingi za magari ya mjini zinakoishia. Mwombe aache bodi, akusaidie vioo tu, navyo kwa kitambaa chenye maji. Gari lenye vumbi likitembea siku tatu halidhuriki kwa chochote.

Maji ndiyo yanayotakiwa kuondoa mchanga, mkono unakuja baadaye. Ukiwa na mpira wa bustani na bomba linalotoka vizuri, mwagia gari lote kuanzia paa, taratibu, mpaka uone maji yanayoshuka chini ya milango hayana tena rangi ya udongo. Kama ni wa ndoo kama sisi wengi, usimwage maji yote kwa mkupuo. Mkupuo unapita juu ya vumbi na kuliacha. Mimi natumia bomba la mgongoni la kupulizia dawa mashambani, lile la lita 16. Linapatikana kwenye maduka ya pembejeo na linafanya kazi kuliko watu wanavyodhani. Nunua jipya, lisiwe limewahi kubeba dawa ya magugu. Natia maji na shampuu kidogo, napulizia gari zima, naliacha dakika tano hivi uchafu ulainike, kisha nasuuza. Udongo mwingi unakuwa umeshaondoka kabla sijagusa kitu. Ndoo tano au sita za lita 20 zinatosha IST kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Muda wa kuosha una maana kubwa. Bati likiwa la moto, sabuni inakaukia juu yake na kuacha madoa. Osha asubuhi kabla jua halijawaka, au jioni kuanzia saa 11, chini ya kivuli. Ila kivuli kisiwe cha mwembe, utaosha mara mbili. Na kama umetoka safari, acha breki zipoe kwanza. Kumwagia maji ya baridi diski iliyo moto kunaweza kuipinda, halafu ukikanyaga breki usukani unatetemeka.

Anza na rimu na tairi, kwa ndoo yake na brashi yake ambayo haitagusa bodi kamwe. Vumbi jeusi la rimu linatokana na breki na lina chembe za chuma. Baada ya hapo andaa ndoo mbili: moja ya maji ya shampuu, nyingine ya maji matupu. Unachovya glavu ya kuoshea kwenye shampuu, unaosha sehemu moja, unaisuuza glavu kwenye maji matupu na kuikamua, ndipo unarudi kwenye shampuu. Ukimaliza, angalia chini ya ndoo ya maji matupu. Mchanga utakaouona humo ndio ambao ungekuwa unausugua kwenye milango yako. Glavu ya maikrofaiba yenye nyuzi ndefu ni bora kuliko sponji, kwa sababu chembe zinazama ndani ya nyuzi badala ya kubaki juu zikikwaruza. Dodoki liache bafuni.

Osha kutoka juu kwenda chini: paa, vioo, boneti na buti, nusu ya juu ya milango, kisha sehemu za chini na bampa, ambazo ndizo chafu kuliko zote. Peleka mkono kwa mstari ulionyooka na usikandamize. Kama doa halitoki kwa mkono mwepesi, liloweke tena. Glavu ikianguka chini, iweke pembeni mpaka ifuliwe.

Sasa sabuni. Shampuu ya gari ndiyo sahihi, na chupa moja inakaa muda mrefu kwa kuwa unatia kidogo tu kwenye ndoo. Sabuni ya unga ya kufulia iache kabisa: ni kali, inang'oa waksi yote (ile nta inayokaa juu ya rangi na kuilinda), na punje zisizoyeyuka nazo zinakwaruza. Sabuni ya maji ya vyombo haitaliua gari ukikwama siku moja, ila inaondoa waksi, kwa hiyo isiwe mazoea. Wapo wanaotia mafuta ya taa au dizeli kwenye maji ili gari ling'ae. Mng'ao huo ni wa mafuta yaliyobaki juu ya rangi, yanayokamata vumbi la siku hiyo hiyo na kuharibu raba za milango na vioo. Mafuta ya taa yana kazi moja tu ninayoikubali: madoa ya lami nyuma ya tairi. Lowanisha ncha ya kitambaa, futa doa lenyewe, kisha osha hapo hapo kwa shampuu.

Kukausha ndiko watu wengi wanakoharibu kazi nzuri. Usiache gari likauke lenyewe, hasa kama maji yako ni ya kisima. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, na hata yasiyo na ladha ya chumvi mara nyingi yana madini. Tone likikauka juani maji yanaondoka, madini yanabaki kama alama nyeupe ya duara. Kwetu tunaosha kwa maji ya kisima na kuweka ndoo moja ya maji ya bomba ya DAWASA au ya mvua kwa ajili ya kusuuza mara ya mwisho. Baada ya hapo tandaza taulo nene la maikrofaiba juu ya bodi na ulivute taratibu, au ulikandamize kidogo linyonye. Usisugue. Fulana kuukuu ina mishono inayochora. Taulo za mitumba za pamba zinafaa kwa fremu za milango na chini, si kwa boneti. Alama za madini zilizokwisha kukauka jaribu siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu: weka kwa kitambaa kwa dakika moja, suuza vizuri. Zisipotoka, ujue zimeshaila klia, na hapo ni kazi ya polishi.

Kinyesi cha kunguru hakisubiri Jumamosi. Kina asidi, na kwenye bati lililochomwa na jua kinaweza kuacha kovu ndani ya siku moja. Weka kitambaa kilicholowa juu yake dakika chache kilainike, kisha kinyanyue bila kusugua. Mimi naweka chupa ya maji na kitambaa ndani ya buti kwa kazi hiyo tu.

Kwa anayekaa karibu na bahari, Kigamboni au Mbezi Beach, au kwa wenzetu wa Mombasa na Unguja, mwagia maji yasiyo na chumvi chini ya gari pia, ndani ya matao ya tairi na kwenye kingo za chini za milango. Huko kuna matundu madogo ya kutolea maji. Yakizibwa na udongo, maji yanakaa ndani ya mlango na kutu inaanza mahali usipoona. Usikubali kupuliziwa oili chafu chini ya gari kama kinga. Bushi na mipira mingine iliyoko huko inavimba na kulainika kwa mafuta.

Watu wengi wanachanganya polishi na waksi. Polishi inasaga klia kidogo ili kusawazisha mikwaruzo, kwa hiyo kila ukipiga unapunguza tabaka lisilorudi. Waksi haisagi kitu, inakaa juu na kulinda. Anayeanza ahangaike na waksi tu. Gari likiwa safi na kavu, valisha mkono mfuko laini wa nailoni na upapase boneti. Ukihisi kama chengachenga, kuna uchafu uliokwama, na unatolewa kwa udongo maalumu wa magari (clay bar) ukiwa na maji mengi ya shampuu ya kuutelezesha. Kisha paka waksi nyembamba, sehemu ndogo ndogo, iache ikauke iwe na ukungu, uifute kwa maikrofaiba safi. Usiipake kwenye plastiki nyeusi, inaacha weupe unaosumbua kutoka. Kwa jua letu, miezi miwili au mitatu inatosha kurudia. Ukiona maji hayajikusanyi tena kuwa matone, imekwisha.

Ndani ya gari sina mengi. Toa mikeka, piga vakyumu kabla ya kuosha nje, na tumia brashi mpya ya kupakia rangi kutoa vumbi kwenye matundu ya AC. Dashibodi inahitaji kitambaa chenye unyevu tu. Yale mafuta ya kung'arisha yanaakisi kwenye kioo cha mbele wakati wa jua. Vioo vyenye tinti visiguswe na dawa yenye amonia. Siti za kitambaa zisafishwe kwa povu na brashi laini bila kuloweshwa, kisha acha milango wazi mpaka zikauke kabisa, la sivyo harufu ya ukungu haitakuacha. Chini ya siti za mbele ukiona soketi za njano, hizo ni za mfumo wa airbag. Usimwage maji hapo wala usizichomoe. Na wenye Aqua au Prius, magari ya haibridi yanayotumia petroli na umeme: tundu la hewa lililo pembeni ya siti ya nyuma linapoza betri kubwa. Lisafishwe kwa vakyumu, lisipate maji, lisifunikwe na mizigo.

Kuhusu injini, jibu langu ni usioshe kwa mashine ya presha, na usimruhusu mtu akuoshee. Kwenye injini kama ya IST yako kila plagi ina koili yake ya kuipa umeme, iliyokaa juu kabisa. Maji yakiingia kwenye shimo la plagi, gari linaanza kumisi (injini inakatakata) asubuhi inayofuata, na unaweza kuuziwa koili nne nzima kwa tatizo la maji. Oltaneta, boksi la fyuzi na soketi za sensa zote ziko hapo hapo. Nimeona magari mazuri yakivutwa kwenda gereji siku ya pili baada ya injini "kusafishwa". Injini ikiwa imepoa, futa vifuniko kwa kitambaa chenye unyevu na utoe majani yaliyoziba chini ya kioo cha mbele, karibu na wipa. Inatosha.

Turudi kwenye viduara vyako. Vinatoka, au vinapungua sana, kwa polishi ya mashine inayofanywa na mtu anayejua kazi. Lakini usilipie leo. Osha kwa utaratibu huu kwanza hadi uuzoee, kwa sababu ukisagiwa klia sasa na Jumapili ukarudi kwenye kitambaa kikavu, viduara vitarudi na klia imepungua. Ukimpata fundi, muulize kama ana kipimo cha unene wa rangi, na mwambie ajaribu kwenye kipande kidogo cha boneti kabla ya gari zima. Akikataa jaribio hilo, tafuta mwingine. Ukiweza, usiku mulika boneti kwa tochi ya simu, piga picha kwa karibu na uiweke hapa; mikwaruzo inayonasa ukucha ukiipitisha juu yake haitoki kwa polishi, na ni vizuri tujue mapema kama unayo.